Simu za Mama Mkwe Ndani ya Noah

Mdogo wangu Hafidhi hajui kukataa. Nalisema hili mwanzo kabisa ili usije ukamdhania mjinga, maana ujinga hana. Ana haya. Tena si haya za mtu aliyelelewa vizuri tu, ni haya zilizopitiliza, za kumtesa mwenyewe. Utotoni, hapa hapa Kilindoni, jirani akimwita ale anakula, akitoka pale akiitwa nyumba ya pili anakula tena. Siku moja nilimkuta nyuma ya uzio anatapika wali wa watu. Nikamuuliza, kwa nini hukusema umeshiba? Akanijibu huku anafuta mdomo, "Dada, wangeona nimewadharau." Nilimpiga kofi la mgongo, kisha nikampa maji. Mama yetu alikufa mapema, mimi ndiye niliyemlea, na mimi subira sina na ulimi wangu hauna mlango. Tumetokaje tumbo moja, hilo halijanielea mpaka leo.

Alipofika umri wa kutafuta riziki alichukuliwa na Alihussein, mwenye duka la mabati na rangi pale karibu na soko. Alianza kwa kupakia na kupakua, akapanda kuwa dereva wa pikapu ya duka, kisha akaoa. Mke alimpata Bweni, huko kaskazini kabisa ambako barabara ya kisiwa inakwishia, na kwa kuwa Aziza ni binti wa pekee kwa mama mjane, Hafidhi akahamia ukweni. Alihussein akaiona nafasi. Akanunua Noah iliyotumika, akamkabidhi: gari lilale Bweni, alfajiri lipakie watu wa Bweni, Kanga na Kirongwe liwalete mjini, jioni liwarudishe. Gari lenyewe lilikuwa otomatiki, halina klachi, na watu wa Bweni walilisifu mno kwa hilo. Walisema linajiendesha lenyewe, Hafidhi kazi yake kushika usukani tu lisipotee.

Siku ya kukabidhiwa nilikuwepo, nimekwenda kununua misumari. Alihussein ni mtu wa maneno machache, lakini siku ile alimkalisha Hafidhi kwenye kiti cha mbele, yeye akasimama mlangoni, akamwambia, "Betri ya gari ni mtungi. Injini ikiunguruma, mtungi unajazwa. Ukizima injini hakuna anayejaza, wamebaki wa kuteka tu. Najua abiria watakuletea simu uwachajie. Wachajie, ni wateja wetu, lakini gari likiwa linatembea. Ukifika ukazima, chomoa kila kitu, na ufunguo utoe kabisa. Usiuache pale hatua ya kwanza, ile ya redio. Umenielewa?"

"Nimeelewa, bosi."

Na kweli alielewa. Ungemuuliza angekufafanulia mpaka ukasinzia: kwamba simu moja haiwezi kuiua betri ya gari, ni kama funda moja la maji, lakini mafunda mengi ya usiku kucha, ukichanganya na tochi za kuchaji na viredio, mtungi unakauka, kwamba betri iliyozeeka tumbo lake limepungua, kwamba safari fupi hairudishi kilichotekwa. Yote aliyajua. Siku hizi lile gari lina betri ya pili chini ya kiti cha nyuma, ya simu peke yake. Injini ikizimika swichi inazitenga betri mbili zile, simu zinyonye zitakavyo, ile ya kuwashia gari haiguswi. Alihussein mwenyewe ndiye aliyemleta fundi. Lakini hiyo imekuja baadaye, ilipokuwa haimsaidii tena mtu ninayetaka kumsimulia.

Miaka ile simu zilikuwa zimefika Bweni na umeme haujafika. Kila mtu ana simu. Mfumaji wa mikeka anasubiri kupigiwa na mnunuzi wa mjini, mama wa pweza anauliza bei Kilindoni kabla hajauza, na wavuvi, tangu hifadhi ya bahari iweke mipaka yake, wanaulizana wapi panaruhusiwa na wapi hapana, na boti ya doria imepita saa ngapi. Ukitaka kuchaji, umpe mtu anayekwenda Kirongwe au mjini, simu ilale huko, nawe ukae kama bubu. Halafu ghafla kijijini kunalala gari.

Watu walimjia Hafidhi siku za mwanzo. Akajikaza, akawaambia alivyoambiwa: nipeni asubuhi, nitazichaji njiani, jioni mtazipata. Aliniambia mwenyewe kwamba usiku wa kwanza aliomkatalia mtu hakulala. Nikamwambia hongera, umekuwa mwanamume. Kumbe wenzake walikuwa wanamsoma. Wakagundua kwamba kuna mtu mmoja pale Bweni ambaye Hafidhi hawezi kumwambia hapana, wala ndiyo, wala neno lolote.

Mama mkwe wake anaitwa Bimkubwa. Kwa watu wa Bweni wa rika lake, mwanamume na mama mkwe wake hawasemeshani. Si uadui, ni heshima. Akipita yeye, mkwe anaangalia chini. Akiwa na la kusema anamwambia bintiye, "Mwambie mumeo," ilhali mume mwenyewe amekaa hapo hapo kibarazani anasikia kila kitu, naye anamjibu mkewe, "Mwambie mama nimesikia." Nilipokwenda mara ya kwanza nikayaona hayo nilicheka mpaka Aziza akanifinya. Kumbe si ya kuchekwa. Miaka yote ile wawili wale waliishi uwanja mmoja, wanapendana kwa vitendo, yeye anamwekea mkwewe kichwa cha samaki, mkwewe anamletea dawa ya mguu kutoka mjini, na hawajawahi kuambiana hata habari za asubuhi.

Basi watu wakaanza kumpelekea Bimkubwa simu zao. Yeye, maskini, gari kwake ni gari. Aliona lina taa, lina redio, akadhani umeme umo ndani tele, haukwishi. Na alifurahi. Mjane ambaye watu walikuwa wanampita, sasa kila jioni uwanja wake umejaa: shikamoo Bimkubwa, marahaba, mwambie mkweo na hii yangu. Alizikusanya kwenye kikapu cha ukindu, kila simu imefungwa kipande cha kitambaa ijulikane ya nani, halafu baada ya isha anakwenda kukiweka kwenye kiti cha mbele cha gari. Anakiweka na kuondoka. Hasemi, maana hasemi naye.

Sasa Hafidhi afanye nini? Kukirudisha kikapu ni kumrudishia mama mkwe mkono wake. Akazichomeka simu. Alikuwa na kichwa cha chaja chenye matundu mengi, na nyaya zimening'inia mbele ya usukani, na ufunguo akauacha pale pale alipokatazwa, hatua ya kwanza. Alfajiri gari liliwaka kwa shida, lakini liliwaka. Kesho yake hivyo hivyo. Watu wakazoea, kikapu kikazidi uzito.

Nilikwenda kuwatembelea nikayaona kwa macho yangu. Nilimfuata garini nikamwambia, "Hafidhi, hili ni gari la watu. Mwambie mkeo amwambie mama yake."

"Nitamwambia, dada."

"Lini?"

"Dada, mama anafurahi. Nikisema ataona simu zake zimenishinda. Atajiona mzigo."

Aziza naye alitaka kusema, mumewe akamkataza. Mtu anayeshindwa kumkatalia jirani wali aliweza kumkataza mkewe kusema ukweli. Nilisonya nikaenda kulala.

Sasa nifike nilikokuwa naogopa kufika.

Hapa Kilindoni, ukuta kwa ukuta na mimi, alikuwa anakaa Mzee Shaibu, kaka yake Bimkubwa. Ndugu zao wengine wote walishatangulia, wamebaki wawili tu. Kwa kweli ni kwa ajili ya mzee huyu ndipo Hafidhi alimjua Aziza, binti alikuwa anakuja kumwona mjomba wake. Mzee Shaibu aliumwa kwa muda, na alfajiri moja nikasikia kilio upande wa pili wa ukuta, nikajua. Mwanawe Hemedi akatoka nje macho mekundu, akaniambia, "Dada Mwanamkuu, mpigie mdogo wako. Amlete shangazi. Tunazika baada ya adhuhuri."

Nilimpigia Aziza kwanza. Bimkubwa hakupiga kelele. Aziza anasema alikaa kitako akakamata magoti yake, kisha akatamka neno moja tu: "Nataka nimwone uso kabla hawajamfunika." Kwetu mwanamke haendi makaburini. Kumuaga kwetu ni nyumbani, sanda ikiwa imeachwa wazi usoni, unaingia, unamwangalia, unamsamehe na unamwomba akusamehe, basi. Jeneza likishatoka mlangoni huna pengine pa kumuagia. Kutoka Bweni na kufika kabla ya adhuhuri muda ulikuwepo, tena wa kutosha. Nikashusha pumzi, nikaenda kuwasaidia wanawake kuchambua mchele.

Ya Bweni nayasimulia kama Aziza alivyonisimulia. Bimkubwa alijifunga buibui, akaingia garini akakaa kiti cha nyuma, Aziza pembeni yake, mlango ukafungwa. Hafidhi akaingia mbele. Mbele yake simu zote zimejaa, zinametameta. Akazungusha ufunguo. Gari likalia tik, likanyamaza. Akazungusha tena, hata ile tik haikuja.

Wanaume wakaja kusukuma. Gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, na wengine wao walilijua hilo vizuri, lakini walisukuma kwa kuwa hawakuweza kusimama wakitazama. Walilisukuma mchangani mpaka likakwama. Ndipo wakaanza, mmoja mmoja, kuingiza mkono dirishani, mtu anachomoa simu yake, anaitia mfukoni, anaondoka bila kumwangalia Hafidhi usoni. Wanawake nao wakafanya vivyo hivyo. Bimkubwa alikuwa amekaa nyuma anaiona mikono ikiingia na kutoka. Aziza anasema mama yake aliuliza kwa sauti ndogo, "Hizi simu ndizo zilizoiua?" Yeye Aziza akalia, na mama akapata jibu lake.

Mtu mmoja anaitwa Abeid akapanda baiskeli kwenda Kanga kuazima betri ya lori la nazi. Hafidhi akajipa moyo. Akahesabu: Abeid atakwenda mbio, atarudi, tutafunga, tutaondoka, tutawahi. Na hapo ndipo simu yake ilipolia, na mpigaji alikuwa mimi.

"Mmetoka?"

Angesema, dada, gari limekufa. Maneno matatu. Mimi ningepiga kelele, ningemtukana, na baada ya kumtukana ningekimbia kwa Alihussein, na pikapu ingekuwa njiani kabla sijamaliza kufunga khanga. Pikapu ilikuwepo. Ilikuwa imeegeshwa mbele ya duka haina kazi, kwa sababu Alihussein alishafunga duka kwa ajili ya msiba.

"Ndiyo dada," akasema Hafidhi. "Tupo njiani."

Wewe pia umeshalisema neno hilo, na mimi nimelisema nikiwa bado natafuta kiatu. Ni neno la adabu, la kumtuliza anayekungoja. Lakini Bimkubwa alikuwa amekaa nyuma yake, ndani ya gari lililozama mchangani, anamsikia.

Baadaye nikapiga tena. "Mmefika wapi?"

"Kanga, dada."

Ukishasema upo njiani lazima uwe mahali fulani, si ndiyo? Ndivyo alivyojikuta. Nikatoka kibarazani na kumkuta Alihussein amekuja na kofia yake mkononi, anaongea na Hemedi. Akaniuliza, "Vipi watu wa Bweni? Nitume pikapu ikawapokee njiani? Ile betri ya Noah siiamini, imezeeka."

Nikamjibu, "Usijisumbue bosi, wameshapita Kanga." Nilijibu kwa kujidai, nakumbuka. Nilijisikia fahari kuwa na habari za uhakika.

Nilipopiga tena alisema Kirongwe wanaingia. Nikasikia jogoo anawika karibu kabisa na simu, nikajiambia wamesimama kushusha abiria. Sikusikia injini. Sikuuliza. Huko Kanga, Abeid alikuwa amemkosa mwenye lori, mwenyewe amekwenda shamba, na watu wanamtafuta. Na ndani ya Noah mdogo wangu alikuwa anaipita barabara yote ya kisiwa kituo kwa kituo, na dirishani mnazi ni ule ule. Aziza anasema alitamani amnyang'anye simu. Akamgeukia mama yake, kwamba labda mama atasema neno, mara moja tu, avunje hiyo heshima yao na amwambie mkwewe, baba, sema kweli. Bimkubwa alifungua mdomo. Kisha akaufumba, akaangalia chini, kama anavyoangalia siku zote mkwe wake akiwepo.

Adhuhuri ikaswaliwa. Watu wakarudi kutoka msikitini wakasimama uwanjani. Hemedi akanijia, nikapiga mbele yake.

"Baleni," akasema Hafidhi.

Baleni si mbali. Hemedi akawaomba watu wasubiri. Wakasubiri juani. Wazee wakaanza kunong'ona kwamba maiti hacheleweshwi, ni haki yake kuharakishiwa. Hemedi akaomba tena. Akaomba mpaka nikaona anainamisha kichwa kila anapoomba. Kisha sheikh akamshika bega akamwambia inatosha. Nikaingia ndani na wanawake wengine, nikamwona Mzee Shaibu kwa mara ya mwisho, nikasema kimoyomoyo, dada yako yupo Baleni. Wakamfunika, wakambeba wakaenda naye.

Watu wa Bweni walifika wanaume wakiwa wanarudi kutoka makaburini, mikono ina udongo. Noah ikasimama katikati yao. Betri ya lori ilikuwa imefungwa kwa kamba. Hafidhi hakuteremka. Bimkubwa aliteremka mwenyewe, akachechemea kwa mguu wake mbovu mpaka ndani, akakikuta kitanda kitupu na harufu ya udi. Alikishika kitanda kwa mkono, akakaa chini pembeni yake. Aziza alikuwa ameshanivuta mimi uani, akanisimulia yote. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona. Ni mimi niliyeikataa pikapu. Ni mimi niliyekuwa natoka kila mara kibarazani natangaza Kanga, Kirongwe, Baleni, kama mtu wa redio. Nilitaka kwenda kumburuta Hafidhi kutoka garini, nimlete mbele ya watu aseme.

Nikaingia ndani nyuma ya Hemedi. Alikuwa bado ana udongo mikononi, na kwa hasira yake alisahau kwamba chumba kimejaa wanawake.

"Shangazi," akasema, "nimewasimamisha watu juani kwa ajili yako. Nimewaomba mpaka wakanichoka. Tunaambiwa mpo Baleni. Baleni gani hiyo isiyofika? Huyu mkweo alikuwa wapi? Alikuwa anatuchezea?"

Chumba kizima kikageuka kunitazama mimi, dada yake. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Mimi ndiye niliyemwambia aseme vile," akasema Bimkubwa.

Hakuinua sauti. Alisema akiwa anaangalia mkeka.

"Gari lilikufa Bweni. Nikajua mkisikia mtamzika kaka yangu bila mimi. Nikamwambia mkwe wangu, ukiulizwa sema tupo njiani, taja popote, wanisubiri. Yeye hakutaka. Nikamlazimisha. Kosa ni langu, Hemedi. Nisamehe, na marehemu anisamehe kwa kumcheleweshea."

Hakuna mtu mle ndani ambaye hajui kwamba mama mkwe wa Bweni hasemi na mkwewe. Hata mimi wa Kilindoni nilijua. Lakini nani atamwambia mwanamke aliyefiwa kwamba anasema uongo? Wazee wawili wa kike wakatazamana. Mmoja akavuta mdomo, akasema kwa kusikika kwamba si vizuri mtu mzima kumzuilia maiti haki yake kwa ajili ya nafsi yake. Bimkubwa akaitikia kwa kichwa, akakubali. Hemedi hasira zikamwishia, akabaki amesimama na mikono yake michafu, akasema, "Basi shangazi. Tumeandikiwa hivyo." Akatoka.

Nilikwenda garini. Hafidhi alikuwa amelalia usukani. Nilikuwa nimemwandalia maneno ya mwaka mzima, nikayaacha yote. Nikamweleza kilichosemwa ndani. Aliinua uso akanitazama kama hajanielewa, nikarudia. Akafungua mlango akaanza kutembea kuelekea nyumbani kwa marehemu, anatembea haraka, na nilimjua, mdogo wangu niliyemlea, mara ya kwanza maishani mwake alikuwa anakwenda kusema kweli mbele za watu.

Nikamshika mkono. "Unakwenda wapi?"

"Kuwaambia. Niache, dada."

"Ukiwaambia, yeye atakuwa nani? Amesema uongo kwenye msiba wa kaka yake, mbele ya watu wote. Ndivyo unavyotaka ajulikane?"

Alijivuta, nikamng'ang'ania. Alikuwa na nguvu za kunishinda. Akasimama. Mlangoni pale tulimwona Bimkubwa kwa ndani, amekaa peke yake pembeni ya kitanda, wale wanawake wazee wamesogea kidogo mbali naye.

Hafidhi akakaa kibarazani na wanaume wengine. Wakaanza kumjia. Hemedi mwenyewe akamwomba radhi kwa kumdhania vibaya. Mzee mmoja akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia pole mwanangu, si rahisi kulazimishwa na mkwe, wewe ulifanya heshima yako. Wengine wakaitikia kwamba ni kweli, siku hizi vijana wenye heshima hiyo ni wachache. Mdogo wangu hajui kukataa. Akawa anapokea mkono mmoja baada ya mwingine, anasema ahsante.